Pacha wa Dirishani

Mwanamke aliyenipangisha chumba alifua shuka za hospitali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Shuka za wodi ya wazazi, shuka za majeruhi, shuka za wazee wanaokufa taratibu ghorofa ya juu. Damu, usaha, matapishi na vile vitu vingine ambavyo watu hawavitaji mezani, kwake vilikuwa kazi tu, kama unga ulivyo kazi kwa mwoka mikate. Nilimwona siku moja akikunjua gauni la mgonjwa lililokauka likawa gumu kama ubao. Alilitazama, akasema, "Huyu alihangaika, maskini," akalitosa kwenye pipa la kulowekea, kisha akarudi kwenye kipande chake cha mkate. Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi.

Kilichomtia kinyaa duniani kilikuwa kitu kimoja, mate. Mtu akitema barabarani, yeye alihamia upande wa pili. Mpangaji aliyenitangulia alifukuzwa kwa kutema nyuma ya choo. Godoro lake lilitolewa nje kabla hajamaliza kujitetea, na ndivyo nilivyopata chumba.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipotoka uani nikamkuta nesi mgeni amekalia kiti cha plastiki, na mabinti wawili wa Mama Dobi wameinamia vichupa wanatema, na mama mwenyewe amesimama mlangoni ameshika kitasa kama mtu anayezuia nyumba isianguke, nilidhani uso ule ni wa mate. Haukuwa wa mate tu.

Mabinti hao waliitwa Kelele na Kimya. Majina yao ya shule yalikuwepo, lakini hayakutumika. Kelele alikuwa mrefu, mwenye taya pana na sauti ya kuuzia viatu, na kweli aliuza viatu, dukani kwa mtu, karibu na stendi. Kimya alikuwa mfupi, mwembamba wa mabega, fundi wa sare katika kiwanda cha nguo. Walicheka kwa namna moja, wote wakifunika pua badala ya mdomo. Vyeti vyao vilisema ni mapacha, nao waliamini hivyo kama mtu anavyoamini ana mikono miwili.

Hawakuwa mapacha. Nalisema mapema kwa sababu hadithi hii haina haja ya kumvizia msomaji.

Mama Dobi alimzaa Kimya. Wiki chache baadaye dobi mwenzake, waliyefua naye kwenye meza moja, alijifungua Kelele katika wodi ile ile ambayo shuka zake walizifua pamoja, akafa kabla ya mchana. Baba wa mtoto hakujulikana. Ndugu walikuja kuchukua mwili, wakatia saini, wakaondoka, na habari ya mtoto hawakuiulizia. Shuka ya marehemu ilishushwa pamoja na nyingine kwenye toroli. Mama Dobi aliitambua kwa saa iliyoshushwa tu, akaifua. Alipomaliza akapanda ngazi, akamkuta mtoto analia kwenye sanduku la plastiki, na kila anayepita anamtupia jicho kama mzigo uliosahaulika. Akamtia titi. Mume wake, fundi bomba, ambaye sasa ni marehemu, alipomwona jioni ameingia na watoto wawili alisema neno moja tu: "Wanakula kiasi gani?"

Kisha ikaja siku ya kuandikisha vizazi.

Nimesimama mbele ya madirisha ya serikali katika nchi nyingi, na yote ni ndugu. Tundu hutobolewa chini kidogo ya mdomo wa mtu mzima, ili usiweze kusema haja yako bila kuinama. Karani wa dirisha lile alikuwa mwanamume mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo, aliyochokonolea sikio huku akikusikiliza. Watu walimwita Mzee Dirisha hata alipokuwa bado kijana.

"Huyu wako?" aliuliza.

"Huyu wangu. Huyu mama yake amefariki."

Mzee Dirisha akaweka kalamu chini. "Dada yangu, sasa umeniletea msiba. Huyu wa pili anataka hati ya kifo cha mama yake, barua ya ustawi wa jamii, mashahidi, na amri ya mahakama. Mpaka umalize, atakuwa ameota meno na kung'oka tena."

"Sasa nifanyeje? Kliniki hawampokei bila cheti."

"Unawanyonyesha wote?"

"Wote."

"Basi ni mapacha. Nani alitangulia?"

Hakufanya hivyo kwa huruma. Alifanya kwa sababu faili lililobaki wazi mezani lilimharibia chakula cha mchana. Alipenda kufunga. Mtoto asiye na mama mbele ya dirisha alikuwa faili la miezi, lakini pacha alikuwa mstari mmoja zaidi chini ya mstari uliokwisha kuandikwa. Basi yatima akaungwa na mtoto wa mwanamke anayemnyonyesha, na mtoto wa binti wa shule akaungwa na mjomba wake mchanga, na wanawake wakaelekezana vibarazani: nenda kwa yule mzee, mchukue na wako, atawaandika siku moja. Aliendelea hivyo mpaka akastaafu. Wenyewe waliwaita pacha wa dirishani, kwa sauti ya chini, na aibu haikuwepo. Watoto walipata chanjo, wakapata shule. Nani angeulizia?

Aliyeulizia ni chuo kikuu.

Mabinti walipokuwa watu wazima wenye kazi zao, ulianzishwa mradi wa daftari la mapacha la taifa zima. Wizara iliwapa watafiti kumbukumbu zote za vizazi, bila kumuuliza mama hata mmoja aliyeinama kwenye lile tundu. Mashine ikapekua, ikitafuta watoto wenye mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa. Nia yenyewe siibezi. Mapacha wa yai moja na mapacha wa mayai mawili wakilinganishwa, mtu anaweza kujua ugonjwa gani unatoka kwenye damu na upi unatoka kwenye maisha. Ni swali zuri. Lakini namna walivyoliuliza ilinikumbusha wanunuzi wa ng'ombe niliowaona sehemu nyingi: wanamfungua mnyama mdomo kwanza, salamu baadaye.

Mashine ilipomaliza, wilaya ile iliwaka kwenye ramani. Mapacha walikuwa wengi kuliko kawaida, wengi ajabu. Mkuu wa mradi, Profesa, akaenda redioni na sauti yake ya kulainisha watu, akasema pengine ni maji, pengine ni chakula, pengine "kuna kitu kwenye damu ya watu wa eneo hili." Mama Dobi alisikiliza akiwa anapiga pasi. Alizima redio kwa kiwiko.

Na ili kuwafikia watu hao wenye damu ya ajabu, mradi ulimtafuta mtu anayezijua familia. Wakampata Mzee Dirisha. Wakamvisha kitambulisho shingoni, wakamwita mshauri. Alijua kila kitu, na alikaa kimya kama kabati.

Mabinti walipopigiwa simu walikubali mara moja. Waliahidiwa fulana yenye picha ya viganja viwili, na Kelele alipenda kitu chochote kinachoanza na wewe ni mtu wa pekee. Mama angesema nini? Angewakataza, wangeuliza kwa nini. Kwa muda wote ule alikuwa na hofu moja tu maishani, naye aliniambia hivyo baadaye bila kupamba: kwamba Kelele atakuja kusikia habari ya mama yake kutoka kwa mtu mwingine. Kila mwaka alisema atamwambia mwaka ujao. Sasa kulikuwa na kichupa kinachoweza kusema kabla yake.

Walitema. Nesi akaondoka na mkoba wake wa barafu. Baada ya muda akarudi.

"Samahani, mabinti. Itabidi tena."

"Mate yetu yameharibika?" Kelele aliuliza. "Mimi nilijua. Huyu Kimya hali pilipili, mate yake hayana nguvu."

"Yamechanganyika tu maabara," nesi alisema. Hakucheka.

Mara ya pili wakatema. Nesi akarudi tena, na safari hii macho yake yalikuwa mekundu. Alimvuta Mama Dobi kando, karibu na dirisha langu, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, nakuomba. Kesho asubuhi wakiamka wasile, wasipige mswaki, wasinywe hata maji. Ofisini wananiambia mimi ndiye ninayechanganya vichupa. Si familia yako tu, eneo hili lote jozi zinakataa, kama vile si ndugu. Profesa ameniambia mbele ya watu kwamba nina mikono michafu. Safari hii ikikataa naondolewa, na mimi ndiye ninayelea nyumba."

Akaacha vichupa mezani, viwili vya kutumia na viwili vya akiba. Angevipitia kesho yake.

Mama Dobi alivitazama. Kisha akavua aproni, akaenda kwa Mzee Dirisha.

Alimkuta barazani, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alikuwa anabandua ngozi iliyokufa ya visigino kwa kisu cha mezani na kuipanga ukingoni mwa beseni, kipande baada ya kipande, kama mtu anayepanga sarafu. Kitambulisho kilikuwa shingoni.

"Karibu, mama mapacha!"

"Usiniite hivyo leo."

"Nikuiteje? Nimekuandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja. Waambie watufute. Waambie ulikosea."

Mzee Dirisha akacheka, maji yakachezacheza. "Nikikufuta wewe, nifute na nani mwingine? Nina mapacha wanajeshi. Nina mmoja mwalimu mkuu. Nimezalisha mapacha kuliko wakunga wote wa hospitali yenu, na bila hata kunawa mikono."

"Sijali ya wengine. Wangu ameshatemeshwa mara mbili. Kesho mara ya tatu. Atauliza."

"Kwani mate yana jina?" Akachukua kipande kingine cha ngozi, akakikagua kwenye mwanga. "Vichupa si viko kwako? Mmoja ateme kwenye vyote. Yatafanana, watafurahi, watakuacha. Faili limefungwa."

"Nimwambie yupi kati yao ateme mara mbili? Nikimwambia mmoja, si nimeshamwambia?"

"Hapo sasa." Alifikiri, kisha uso ukamng'aa kwa raha ya mtu aliyepata njia ya mkato. "Basi tema wewe."

Alirudi nyumbani akiwa na kichefuchefu. Alinieleza kwamba hakukasirishwa sana na ushauri wenyewe. Kilichomkirihi ni kwamba ulikuwa ushauri ule ule wa dirishani, kutoka kwa mtu yule yule, kwa uvivu ule ule, na kwamba ule wa kwanza alikuwa ameushukuru.

Asubuhi mabinti walitema, wakaweka vichupa mezani, wakaenda kazini. Mama Dobi akafunga mlango. Akachukua vile viwili vya akiba. Mdomo ulikuwa mkavu kama sufu. Alijaribu kufikiria ndimu, hakupata kitu. Kisha akakumbuka vile visigino, na ukingo wa beseni, na mdomo ukajaa wenyewe, mate mepesi ya mtu anayetaka kutapika. Akatema. Akamkumbuka tena, akatema tena. Alijaza vichupa viwili mpaka kwenye mstari kwa nguvu ya kinyaa peke yake. Akabandua karatasi zenye majina ya wanawe, akazibandika kwenye vile vyake, na vya wanawe akavitosa chooni. Nesi alipofika alimkuta anasugua meza kwa brashi ya sakafu.

Majibu hayakuletwa na nesi. Yaliletwa na Profesa mwenyewe, ndani ya gari refu lililoziba mlango wetu wa uani.

Sijawahi kumwona mtu msafi anayetia kinyaa kiasi kile. Alimpa kila mmoja mkono, na baada ya kila mkono alitoa kichupa mfukoni, akajipaka dawa ya kuua vijidudu mbele ya macho ya mwenye mkono, akitabasamu. Alimpa Mama Dobi mkono, akajipaka. Akampa Kimya, akajipaka. Halafu akamshika Kelele kidevu, bila kuomba, akamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga.

"Yai moja," alisema. "Maabara imethibitisha. Hawa ni mapacha wa yai moja, na tazameni! Hili taya limetoka wapi?"

"Mimi na huyu yai moja?" Kelele alisema, kidevu bado kiko mkononi mwa mtu. "Basi mimi nilikula kiini, yeye nikamwachia ganda."

Kimya akafunika pua akicheka. Profesa hakucheka. Alikuwa anamwambia msaidizi wake aandike rangi ya ngozi. Kisha akaeleza kwamba jambo kama hili halijawahi kuonekana, kwamba jozi hii itazungumzwa mikutanoni, na kwamba mate hayatoshi tena. Waje ofisini wiki inayofuata, watolewe damu mbele yake.

"Na mama pia," alisema, akimtazama Mama Dobi kwa mara ya kwanza. "Mfuko uliotoa kitu kama hiki lazima tuujue."

Mfuko. Nilimwona Mama Dobi akiinama kuokota kijiti ambacho hakikuwepo.

Siku ya kwenda, mabinti walimpitia kazini ili watoke pamoja. Chumba cha kufulia cha hospitali kina joto la mvuke na harufu ya dawa ya kuondoa madoa, na shuka zikitoka kwenye kikaushio hazingoji mtu, lazima zikunjwe zikiwa za moto. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Mama Dobi alimpa Kelele ncha mbili, akashika zake mbili, wakavuta. Kimya alikuwa amekaa kwenye rundo la blanketi.

"Kelele," mama alisema, "wewe sikukuzaa."

Kelele akadhani ni utani. "Nani kanizaa, Profesa?"

"Mwenzangu wa meza hii. Alifia ghorofa ya juu siku uliyozaliwa. Kimya alikuwa na wiki chache, maziwa yalikuwepo, nikakuchukua. Dirishani wakawaandika mapacha. Ndiyo maana mate yalikuwa yanakataa."

Shuka ilibaki imevutwa kati yao. Kimya alikuwa amesimama.

"Mate yalikataa mara mbili," Kelele alisema taratibu. "Mara ya tatu yakakubali."

"Ya tatu nilitema mimi."

"Ulitema wapi?"

"Kwenye vyote viwili. Nikabandika majina yenu."

Kelele aliziachia ncha zake. Shuka ikaanguka kwenye sakafu yenye maji.

"Umeniacha naita watu dukani nawaonyesha fulana," alisema. "Umeniacha nashikwa kidevu kama mbuzi, unatazama. Mtaa mzima unajua?"

"Wachache."

"Yule mzee mwenye kucha anajua?"

"Anajua."

"Yeye anajua, mimi sijui." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha. "Unanitia kinyaa, wallahi." Akatoka.

Mama Dobi aliokota shuka, akairudisha kwenye pipa la chafu. Kimya alimshika mkono, wakamfuata mbio mbio, mama na aproni yake iliyolowa.

Ofisi za mradi zilikuwa ghorofa moja juu ya ofisi ya vizazi, sawasawa na lile dirisha. Vyumba vilipakwa rangi nyeupe, viti vilikuwa vipya na bado vimevaa nailoni. Walipoingia wakihema walimkuta Kelele amesimama mbele ya meza ya Profesa. Nesi alikuwa tayari na sinia la sindano. Mzee Dirisha alikuwa kwenye kona, sahani ya biskuti za mradi mapajani.

"Sitoi damu," Kelele alikuwa anasema. "Sisi si mapacha."

"Dada yangu, watu wengi huogopa sindano," Profesa alisema.

"Siogopi sindano. Huyu kazaliwa na huyu mama. Mimi kanizaa mtu mwingine, ameshafariki. Muulize huyo mzee, yeye ndiye aliyetuunga."

Wote wakamgeukia Mzee Dirisha. Akapangusa chembe za biskuti tumboni, zikamwagikia sakafuni.

"Mimi niliandika nilichoambiwa," alisema. "Kumbukumbu ziko hapo chini. Mama mmoja, siku moja. Hao ni mapacha."

Profesa alitandaza mikono yake inayong'aa. "Umesikia. Kumbukumbu zinasema ndiyo. Maabara inasema ndiyo. Wewe peke yako ndiye unayesema hapana." Kisha akashusha sauti, ikawa laini kama ile ya redioni. "Isipokuwa kama mama alitoa taarifa za uongo kwa serikali. Hilo ni kosa la jinai, na nitalazimika kuwaarifu wanaohusika. Sidhani kama mnataka tufike huko. Tukae, tukunje mikono ya nguo, tumalize vizuri."

Alikuwa anajua. Nesi aliniambia hivyo siku nyingine, aliposimama uani kwetu kuaga: pale ndipo alipotambua kwamba Profesa alikuwa ameshaanza kujua, pengine tangu jozi za mwanzo, na kwamba alihitaji damu ya ajabu kuliko alivyohitaji kujua ilikotoka. Mikono michafu ya nesi ilimfaa, na kimya cha mzee kilimfaa pia. Mwanamke mwenye aproni iliyolowa, aliyekwisha kuogopa, angemfaa zaidi.

Na Mama Dobi alikuwa ameogopa kweli. Akavuta kiti. Akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaunyoosha mezani. Angetoa damu, angetoa na figo, ilimradi binti yule asiongezewe aibu mbele ya watu wale.

Kelele aliutazama ule mkono, wenye ngozi iliyochubuka kwa dawa mpaka kwenye kiwiko.

"Mate yale si yangu," alimwambia Profesa. "Wala si ya Kimya. Yote mawili ni ya mama."

"Mama yupi?"

"Mama. Huyu hapa. Unamwona mwingine?"

Nesi aliirudisha sindano kwenye sinia. Profesa alimtazama Mama Dobi, kisha akatazama viganja vyake mwenyewe, vile alivyompea mkono, na nadhani ndipo alipohesabu kichwani: mtu mmoja, vichupa viwili, mikutano yote ile. Akatoa dawa yake mfukoni, akajipaka mpaka kwenye vifundo.

"Takwimu chafu," alisema. "Itoeni hii jozi."

"Na zile nyingine?" Kimya aliuliza. Watu walishtuka kumsikia.

Mzee Dirisha alikuwa anatafuta biskuti ambayo haijavunjika.

Jozi yao ikatolewa. Polisi hawakuitwa, maana kumshtaki mama mmoja kungelazimu kufungua kumbukumbu zote za dirisha lile, na ramani iliyowaka ingezimika. Ramani ilibaki vile vile. Nesi aliacha kazi mwenyewe kabla hajaachishwa, na alipokuja kuaga alijaribu kumwomba Mama Dobi radhi, akashindwa kusema kwa kosa gani. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nchi nyingine, nilisoma kwamba eneo lile limepewa fedha zaidi za utafiti. Niliukunja ukurasa nikaufungia viatu.

Lakini siku ile walirudi nyumbani kwa miguu, watatu, Kelele mbele. Hakugeuka mpaka walipopita stendi.

"Usidhani tumemaliza," alisema.

"Sidhani."

"Mtu mzima unajaza vichupa viwili. Wewe! Uliyemfukuza mpangaji!"

"Nilitapika baadaye," Mama Dobi alisema.

"Vizuri."

Wakatembea. Kimya alikuwa amembebea mama aproni, ameikunja kwapani.

"Huyo mwingine," Kelele alisema, akiangalia mbele. "Alikuwa mtu gani?"

Mama Dobi alifikiri. "Mvivu."

"Mvivu?"

"Mvivu sana. Msimamizi akitoka, yeye analala kwenye chumba cha pasi juu ya blanketi za wagonjwa. Ukimwamsha anakutukania ukoo. Kazi yake nusu niliifanya mimi."

"Huna hata kitu kizuri cha kusema?"

"Ninavyo. Lakini nikianza na vizuri, utasema nadanganya tena."

Kelele alipunguza mwendo kidogo, mpaka mama akamfikia.

"Haya," alisema. "Alikuwa mvivu. Endelea."